Kufundisha Historia ya Mahali kwa Kushirikiana na Wanakijiji: Mfano wa Machimbo ya Lupa

Utangulizi

Mwalimu wa historia hushauriwa mara kwa mara aanze na mazingira ya mwanafunzi. Ushauri huu ni mwema, lakini haumwambii mwalimu la kufanya pale wenye mazingira hayo wanapokataa kusema. Makala haya yanaeleza jinsi wanachuo wetu walivyoshindwa, kisha wakafaulu, kukusanya historia ya machimbo ya kale ya dhahabu katika nyanda za Lupa. Jambo kuu tulilojifunza ni hili: wanakijiji hawana budi kuwa wenye kazi tangu mwanzo, wala si watoaji wa majibu tu.

Historia ya eneo kwa ufupi

Dhahabu ilionekana katika bonde la mto Lupa mwaka 1922. Mwanzoni ilitafutwa katika mchanga wa mito. Baadaye ikafuatwa ndani ya miamba. Katika miaka ya 1930 bei ya mazao ilipoanguka na ile ya dhahabu ikapanda, watu wengi walimiminika Chunya. Vibarua walitoka Rungwe, na wengine walivuka mpaka kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Mgodi mkubwa wa Saza, mahali ambapo sasa pamo katika Mkoa wa Songwe, ulifungwa mwaka 1956.

Uchimbaji wenyewe haukukoma. Wachimbaji wadogo wangali kazini na migodi mipya imefunguliwa. Hapo ndipo penye hatari kwa historia. Marundo ya mchanga uliosagwa zamani, ambayo wachimbaji huyaita marudio, sasa yanachenjuliwa upya kwa kuwa yana dhahabu iliyosalia. Tulipokwenda mara ya pili, msingi wa nyumba ya mashine ambao wanachuo walikuwa wameuchora haukuwapo tena.

Huenda msomaji akauliza: je, sheria hailindi mambo ya kale? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886 na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Mabaki ya Lupa ni ya baada ya miaka hiyo. Hayalindwi mpaka Waziri mwenye dhamana ayatangaze. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa historia hii ni kijiji chenyewe, na shule ni msaidizi wake.

Kosa letu la mwanzo

Safari ya kwanza tuliiandaa chuoni. Wanachuo walibeba hojaji yenye maswali ishirini: mashimo yalikuwa wapi, dhahabu ilipatikana kiasi gani, nani alikuwa na eneo gani. Mzee mmoja aliitikia shikamoo zao, akawasikiliza kwa upole, kisha akauliza, "Wajukuu zangu, aliyewatuma ni nani?" Hakusema zaidi.

Lawama ilikuwa yangu mimi mkufunzi. Katika nchi ya dhahabu, anayeuliza mashimo yalikuwa wapi hafanani na mwanafunzi. Anafanana na mtafuta mwamba. Tuliomba historia kwa maneno ya mtu anayetafuta mali.

Hatua zinazopendekezwa

1. Kuanza na ruhusa na shauri. Mwalimu amwone mwenyekiti wa kijiji, aeleze nia yake mbele ya halmashauri ya kijiji, kisha awaulize wazee wanataka wajukuu wao wakumbuke nini. Wazee wetu hawakuchagua dhahabu. Walichagua safari ya miguu ya vibarua na makaburi ya waliofia kazini.

2. Matembezi. Wazee waongoze, wanafunzi wachore ramani kwa mkono. Ni mwiko kuingia katika maduara ya zamani au kukaribia kingo zake, na pia kushika udongo wa mahali palipotumika zebaki.

3. Mahojiano. Maswali yahusu maisha: mlikula nini, nani alipika, mshahara wa kwanza ulinunua nini, mgonjwa alipelekwa wapi. Akina mama wahojiwe pia, kwa maana waliopika, waliouza chakula na waliopika pombe waliyajua mengi ambayo mchimbaji hakuyaona. Analolikataza msimulizi lisiandikwe.

4. Kupima ushahidi. Mtu aliyezaliwa mwaka 1946 alikuwa na miaka 10 tu Saza ilipofungwa. Habari zake za miaka ya 1930 ni za kusikia kwa wazazi. Zisitupwe, bali ziandikwe hivyo. Daftari la mwanafunzi liwe na safu mbili: "aliyoyaona" na "aliyoyasikia". Wasimulizi wawili wakitofautiana, masimulizi yote mawili yabaki, na darasa lijadili sababu.

5. Kurudisha. Kazi isomwe mbele ya mkutano wa kijiji, isahihishwe na wenyewe, kisha nakala moja ikae shuleni na nyingine katika ofisi ya kijiji.

Hatua hii ya tano ndiyo walimu wengi huiacha, nayo ndiyo iliyozaa matunda. Katika usomaji wetu yule mzee wa mara ya kwanza alisimama kusahihisha jina la kijito, akaendelea kusimulia hadi jua likazama. Mkutano ukakubaliana kwamba eneo la makaburi lifyekwe na kuwekewa alama za mawe. Yafaa ieleweke kwamba kijiji hakiwezi peke yake kuzuia uchimbaji wenye leseni; kwa hiyo mwenye leseni naye aliitwa akaoneshwa ramani. Kijiji kinachotaka ulinzi zaidi chaweza kupendekeza sheria ndogo kwa utaratibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982.

Tathmini

Mwalimu asipime somo hili kwa kukariri tarehe. Apime kama mwanafunzi anaweza kutenga aliloliona msimulizi na alilolisikia, kueleza kwa nini masimulizi mawili yanatofautiana, na kusoma kazi yake mbele ya watu wanaoijua habari hiyo kuliko yeye.

Hitimisho

Ndugu mwalimu, mbinu hii haihitaji fedha nyingi. Yahitaji daftari, kalamu, ruhusa na subira. Lakini haingoji. Waliouona mgodi wa Saza ukifanya kazi wamekwisha kuwa wazee, na marudio yanasagwa kila siku. Azimio la kazi la muhula ujao litenge japo vipindi vinne kwa kazi hii, na kipindi cha kwanza kitumike kumsikiliza mwenyekiti wa kijiji.