Pikipiki Mpya au Iliyotumika: Chunguzeni Kabla ya Kulipa

Ndugu wananchi wa Busia na Malaba, pikipiki mpya ni ghali, lakini asili yake haina shaka: hununuliwa dukani kwa risiti na kusajiliwa kwa jina la mnunuzi. Iliyotumika humfaa mwenye akiba ndogo anayeanza bodaboda. Hata hivyo, hapa mpakani huenda iliibwa ng'ambo ya pili.

Tunawasihi mzingatie mambo manne:

1. Linganisheni namba ya injini na namba ya chesisi, iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, na zile za kadi ya usajili. Namba ya chesisi huwa na herufi na tarakimu 17. Herufi I, O na Q hazitumiki. Alama za tupa au za kuchomelea ni dalili mbaya.
2. Muuzaji awe ndiye mwenye jina kwenye kadi.
3. Pikipiki ya Kenya, yenye namba inayoanza na KM, iwe na hati za ushuru wa forodha.
4. Ileteni kituoni tuikague kabla ya kutoa fedha.

Pikipiki ya wizi ikikamatwa hurudishwa kwa mwenyewe. Mnunuzi hupoteza fedha zake, na huweza kushtakiwa kwa kupokea mali ya wizi. Rahisi huwa ghali.