Kubadili Mwendo Katikati ya Wimbo: Nilichojifunza Yaeda Chini

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha kwaya hapa Yaeda Chini tulialikwa kuimba arusini, na tukaenda na wimbo niliokuwa najivunia. Beti mbili za taratibu za kumsindikiza bibi arusi, kisha kiitikio cha kurukaruka. Ubeti wa pili ulipoisha, mpiga kinanda akabonyeza kitufe cha tempo kutoka 80 hadi 130. Soprano wakakikimbilia kinanda, besi wakang'ang'ania mwendo wa zamani, mpiga ngoma akajichagulia njia ya tatu. Bibi arusi akasimama katikati ya watu, hajui aweke mguu wapi.

Njiani kurudi mama mmoja wa sauti ya pili akaniambia, "Mwalimu, ulituonyesha mahali pa kubadilika. Namna ya kubadilika hukutuonyesha."

Tangu siku hiyo nimeacha kuwaambia waimbaji "ongezeni kasi". Kila mtu ana kasi yake kichwani, na ukimwambia aongeze, ataongeza ya kwake. Nafundisha pigo dogo. Pigo kubwa ni lile mguu unalokanyaga. Ndani yake mna mapigo madogo, mawili au matatu. Mwendo ukibadilika, mguu ndio unaohama. Pigo dogo linabaki vilevile.

Tuseme mnaimba mapigo 84 kwa dakika, na kila pigo limebeba madogo matatu. Hayo madogo ni 252 kwa dakika. Sasa yaacheni yaende hivyohivyo, ila myahesabu mawili mawili: mguu utajikuta unakanyaga 126, na hakuna aliyekimbia. Kwa mazoezi, nusu ya kwaya ipige makofi madogo bila kukatika. Nusu nyingine ikanyage huku ikihesabu moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, halafu kwa ishara yako ihamie moja-mbili, moja-mbili. Sisi ilituchukua jioni tatu, na jioni ya kwanza ilikuwa vicheko vitupu. Kwaya changa ianze na njia rahisi zaidi, ya kukanyaga maradufu, kama 66 kwenda 132. Zile 80 na 130 zangu za arusini hazikuwa na undugu wowote wa karibu, ndiyo maana hapakuwa na mlango wa kupitia.

Wapigaji wa dansi wanalijua jambo hili zamani. Sikiliza nyimbo za DDC Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978: mwanzo watu wanasimuliwa kisa kwa utulivu, kisha linakuja chemko na ukumbi unainuka. Hesabu kwa mguu uone. Mara nyingi pigo la msingi halikuruka sana kama unavyodhani. Magitaa na ngoma ndiyo yameanza kulikatakata vipande vidogo. Mwanakwaya anayeona haya kujifunza kwa wanadansi akumbuke kwamba Cosmas Chidumule, aliyeimba katika bendi hiyo, baadaye alihamia muziki wa Injili.

Lakini somo kubwa zaidi nililipata kwa majirani. Wahadzabe wa upande huu, kuanzia Mongo wa Mono hadi kwenye kambi za vilimani, hucheza epeme usiku usio na mwezi, mioto ikiwa imezimwa. Mwanamume mmoja anacheza akiwa na njuga mguuni na kibuyu cha kutikisa mkononi, wanawake wakiimba. Hiyo ni ibada yao, na maana yake wataieleza wenyewe. Mimi nasema tu nilichosikia kwa mbali: kishindo cha mguu, njuga, na sauti za wanawake zikishikana nacho. Hakuna anayeongoza kwa kupunga mkono, maana nani angeuona? Nikajiuliza kwa nini waimbaji wangu wananikodolea macho kama wanaosubiri basi.

Kwa hiyo ishara yetu sasa ni ya sikio. Mwendo wa taratibu ukibakiza mapigo manne, mpiga ngoma anaanza kugonga mapigo madogo kwenye ukingo wa ngoma, kwa fimbo, kwa upole lakini wazi. Waimbaji wanayadaka, wanavuta pumzi pamoja, wanaingia. Amri ya mwendo ni ya mpiga ngoma peke yake. Midundo ya kinanda nimeizima kabisa, kwa sababu kinanda hakisikii kwaya. Kitaendelea na namba yake hata mkiwa mmepotea wote. (Betri ya sola ikiisha katikati ya mazoezi, msivunjike moyo. Jioni kama hizo ndizo zimetufundisha sana.) Metronomu ya simu ninayo, naitumia kutafuta namba na kuiandika kwa penseli pembeni ya nota, kisha naizima.

Kupunguza mwendo ndiko kunakonitoa jasho. Dereva wa lori anayeshuka kutoka Mbulu kuja huku bondeni hangoji mpaka afike katikati ya mteremko. Gia anaishusha akiwa bado juu. Walimu wengi, mimi nikiwamo, tunakumbuka kupunguza tukiwa tumebakiza maneno mawili, na kwaya inaserereka. Anza mstari mzima kabla. Tena acha lugha ikusaidie: Kiswahili kinakazia silabi ya pili kutoka mwisho, basi egemea hapohapo, urefushe kidogo "shuku-u-ru", ijayo zaidi kidogo, ijayo zaidi. Ukirefusha silabi ya mwisho utasikika kama unaita mbuzi. Kiiraqw, lugha nyingine ya huku, kina mambo yake, nitayaandika siku nyingine.

Jumamosi iliyopita nilizima taa na kuwaambia waimbe wimbo uleule wa arusini, wote, mwanzo hadi mwisho. Ukingo wa ngoma ukagongwa, miguu ikahama kwa pamoja. Katika kumalizia, besi walifika kabla ya wenzao, wakasubiri gizani. Yule mama wa sauti ya pili akacheka kwanza, kisha akasema, "Turudie kuanzia pale pa kushukia."

Tukarudia mara nne. Besi bado wanatangulia.