Madeni Yakikuzidi: Sheria Inakuruhusu Kufanya Nini?

Mwenye mshahara wa Milimani na mchuuzi wa samaki wa Dunga huingia mtegoni kwa njia moja: mkopo wa simu unalipwa kwa mkopo wa sacco, wa sacco unalipwa kwa pesa za shailoki. Kabla ya kukopa tena, andika madeni yote kwenye karatasi moja: anayekudai, kiasi, riba na dhamana.

Kisha nenda kwa wanaokudai, mapema, kabla dalali hajabisha hodi. Ukiwa benki, taja kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki. Mkopo ukishaacha kulipwa, riba haiwezi kupita salio la mkopo lililokuwepo wakati huo. Kama lilikuwa shilingi 30,000, hudaiwi zaidi ya 60,000, mbali na gharama za kufuatilia deni. Wakopeshaji wa simu nao, kwa kanuni za Benki Kuu za 2022, hawaruhusiwi kukutisha wala kuwapigia jamaa zako ili kukuaibisha.

Mshahara pia una kinga: makato yote hayapaswi kuzidi theluthi mbili. Hata mahakama ikiamuru mali ikamatwe, vitanda, vyombo vya kupikia na zana za kazi unazozihitaji haviguswi.

Yakishindikana hayo, ipo Sheria ya Ufilisi ya 2015. Wengi hudhani ni ya makampuni tu. Unaweza kuafikiana na wadai kupitia mtaalamu wa ufilisi, au kuomba amri ya kulipa kwa awamu. Usilolisikia sana ni utaratibu wa wasio na mali. Ni wa mtu mwenye madeni ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, asiye na mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa, na ambaye hajawahi kufilisishwa. Maombi hupelekwa kwa Mpokezi Rasmi. Akikubali, wadai husimamishwa, na baada ya miezi 12 madeni hayo hufutwa. Matunzo ya watoto hayasimamishwi, na deni la ulaghai halifutwi. Aliyeandikisha shamba kwa jina la shemeji ili lisionekane asijisumbue kuomba.

Kutangazwa mufilisi ni hatua nzito zaidi: mali yako husimamiwa na mwingine, na kwa kawaida hali hiyo hudumu miaka 3 tangu uwasilishe taarifa ya mali na madeni.

Asiyemudu wakili aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, akiwa na ile karatasi ya madeni mkononi.