Ardhi Iliyotiwa Sumu: Ni Nani Aisafishe, na kwa Mapatano Gani?

Wasomaji wetu wakaao kando ya barabara kuu itokayo Lusahunga kwenda Rusumo wanayajua sana malori yapitayo Nyakahura usiku na mchana. Lori likiharibika, fundi huitwa. Betri iliyokufa hutolewa, na tindikali yake humwagwa chini nyuma ya kibanda. Baadaye hupita mnunuzi wa vyuma chakavu, huipima betri kwa mizani, hutoa fedha, huenda zake. Twaiona biashara hiyo kuwa ndogo, tena haina ubaya. Walakini ndani ya ile betri mna risasi, na risasi haiozi wala haiishi nguvu kwa kukaa ardhini. Katika somo hili twataka kueleza jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa: ardhi iliyotiwa sumu na viwanda au migodi husafishwaje, Serikali humpaje mtu kazi hiyo, na ni neno gani katika mapatano lifanyalo kazi itimie au isitimie.

Tuanze na Mombasa, kwa sababu habari za huko zimeandikwa wazi katika hukumu za mahakama. Katika mtaa wa Owino Uhuru, wakaamo watu wapatao 3,000, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri mbovu ili kupata risasi. Kiwanda kilipakana na nyumba za watu. Moshi wake uliingia madirishani na maji yake machafu yalipita kati ya vibanda. Kilifanya kazi tangu mwaka 2007 hata mwaka 2014. Mama mmoja aliyeajiriwa humo, Phyllis Omido, alimwona mtoto wake mchanga akiugua pasipo waganga kujua sababu. Hata damu ya mtoto ilipopimwa, ilionekana risasi, nayo ilimpata kwa maziwa ya mama yake. Yule mama aliacha kazi, akakusanya majirani, akasimama mbele ya wakubwa kwa miaka mingi. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman, ambayo hutolewa kwa watu waliotetea mazingira.

Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ilitoa hukumu. Wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3 kwa ajili ya madhara na vifo. Tena udongo na maji yasafishwe, na taka ziondolewe, katika muda wa miezi 4. Yasipofanyika hayo, zitolewe shilingi milioni 700 zipewe chama kilichowatetea wakazi, ili chenyewe kiisimamie kazi ya kusafisha. Na deni likagawanywa. Wengi walidhani mwenye kiwanda atabeba lote, lakini mahakama ilimpa asilimia 25 tu. Mwenye kiwanja asilimia 5. Sehemu kubwa kupita zote, asilimia 40, ilikuwa ya mamlaka ya Serikali iliyopewa kazi ya kulinda mazingira, na asilimia 30 iliyosalia ikagawanywa sawasawa kwa wizara mbili na mamlaka ya viwanda vya kuuza nje. Maana aliyepewa kulinda mlango, akaacha mwizi apite, hawezi kusema kwamba yeye hakuiba.

Miezi ile minne ilipita, na udongo ulikuwa palepale. Kesi ilikwenda rufani. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikayatengua malipo. Ndipo tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha ile hukumu ya kwanza. Watoto waliozaliwa mwaka ule kesi ilipofunguliwa, yaani 2016, walikuwa wamekwisha kuingia shule.

Sasa, msomaji, fikiri hivi: fedha zimepatikana, amri ipo. Je, udongo umesafika? Bado. Ni lazima apatikane mtu mwenye makoleo, mashine na malori, naye afungwe kwa mapatano. Hapa ndipo penye siri ya mambo, nasi twaomba ruhusa ya kukaa hapa kidogo.

Kila mzee wa kanisa aliyewahi kusimamia uchimbaji wa choo cha shule anajua taabu ya kupatana na mchimbaji. Ukimlipa jumla moja, akikuta mwamba atakuambia kwamba kina kimetosha. Ukimlipa kwa futi, na udongo ukiwa laini, ataendelea kuchimba hata umwambie basi. Kazi ya kuondoa udongo wenye sumu ina taabu hiyohiyo, nayo ni kubwa zaidi, kwa sababu sumu haionekani kwa macho. Kabla ya kuchimba hapana ajuaye kwa hakika imeshuka kiasi gani. Risasi aghalabu hukaa juu, katika kina cha kiganja kimoja au viwili, lakini penye tindikali au penye mchanga hushuka chini zaidi. Basi Serikali ikitangaza zabuni na kumpa kazi yule aliyetaja bei ndogo kwa jumla moja, faida yake itatoka katika kile asichokichimba. Na ikimlipa kwa lori, atabeba hata udongo usio na kosa.

Wenye ujuzi wa kazi hii hutumia njia ya katikati. Kwanza, kabla ya zabuni, hupimwa eneo lote: sampuli huchukuliwa kwa hatua zilizo sawa, kwa vina mbalimbali, na visima vya jirani hupimwa pia, kisha huchorwa ramani. Halafu huandikwa kiwango, yaani ni kiasi gani cha sumu kikibaki, mahali hapo patahesabiwa kuwa safi. Na kiwango cha uwanja wa watoto si sawa na cha ghala la saruji. Malipo huwa kwa kipimo cha udongo ulioondolewa, lakini kwa mpaka uliowekwa, na kila shimo hupimwa upya kabla halijafukiwa. Apimaye awe mtu mwingine, mwenye maabara yake, asiyelipwa na yule achimbaye. Na sehemu ya malipo huzuiliwa mpaka mvua za mwaka mzima zipite na maji ya visima yapimwe tena. Neno hili la mwisho ndilo hukatwa upesi watu wanapopunguza gharama, ingawa ndilo lenye kumshika mkandarasi.

Tena yapasa kuuliza: ule udongo wapelekwa wapi? Mapatano yasiyotaja mahali hapo ni mapatano ya kuihamisha sumu kutoka kijiji kimoja kwenda kingine. Udongo wa namna hii hutaka shimo lililotandikwa kwa udongo mfinyanzi na turubai nene lisilopitisha maji, lifunikwe, na kulindwa. Na wafanyi kazi je? Mara nyingi huandikwa kwamba vijana wa mahali waajiriwe, nasi hufurahi. Lakini kijana arudiye nyumbani na vumbi la risasi katika nguo zake humletea mdogo wake sumu ileile iliyomtoa nyumbani kwenda kuiondoa. Basi mapatano yataje maji ya kuoga, nguo za kazi zinazobaki kazini, kofia za pua, na kupimwa damu. Vitu hivi vina bei. Visipoandikwa katika hesabu ya zabuni, havitakuja.

Pengine mtasema, habari za Mombasa ziko mbali. Turudi kwetu. Katika wilaya ya Biharamulo uko mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2005. Mwaka 2013 kampuni ya African Barrick Gold iliuuza kwa STAMICO, shirika la madini la Serikali, nalo likauendesha kwa kampuni yake ya STAMIGOLD. Pamoja na mgodi, shirika lilipokea pia wajibu wa kuufunga na kuitengeneza ardhi yake. Jambo hili si la kupita upesi. Migodi mikubwa, kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, hudaiwa dhamana ya kutengeneza ardhi: fedha au ahadi ya benki, itolewayo wakati dhahabu ingalipo. Maana mgodi ukiisha, mwenyewe hana tena sababu ya kukaa, na lundo la mabaki halina mnunuzi. Dhamana ndiyo fedha ambayo Serikali yaweza kumlipa mkandarasi mwingine ikiwa mwenye mgodi ameondoka.

Lakini mgodi ukiwa mali ya Serikali yenyewe, ni nani atakayemdai nani? Hatusemi haya kwa kulaumu. Twasema kwa sababu mkono unaolipa na jicho linalokagua havifai kuwa vya mtu mmoja. Hapa kwetu Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeliweka Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira kuwa jicho, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua fedha za mashirika. Taarifa zake, zikiisha kuwekwa mezani pa Bunge, zaweza kusomwa na mtu ye yote. Mkatekista ajuaye kusoma Kiswahili na kidogo cha hesabu hana sababu ya kuziogopa.

Liko na jingine dogo lililo gumu zaidi. Wachimbaji wadogo husaga mawe kwa karasha, hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki juu ya moto ili dhahabu ibaki. Moshi ule huingia kifuani, na zebaki nyingine hubaki katika mchanga uitwao marudio. Marudio hayo hayatupwi. Huuzwa kwa mwenye matangi ya sianidi, naye huyachenjua mara ya pili. Waweza kudhani kwamba kwa njia hiyo taka zimepata mnunuzi na ardhi imesafishwa bure. Sivyo: sianidi huyeyusha zebaki iliyosalia na kuirahisishia njia ya kwenda majini, ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeitaja desturi hiyo kuwa ya kukomeshwa. Hata hivyo taka kuwa mali si jambo baya daima. Kule Kasese, Uganda, palikuwa na lundo kubwa la mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe, likitiririsha tindikali kuelekea mbuga ya wanyama. Tangu mwaka 1999 kampuni moja ililitumia kutoa kobalti kwa miaka zaidi ya kumi, hata lundo likatumika. Lakini anayelipwa kwa mali iliyomo huchukua chenye thamani tu, na kisicho na thamani humwachia mwenye ardhi. Hicho nacho kiandikwe katika mapatano kuwa ni juu yake.

Neno moja sasa kwa wazee wa usharika, ambao mara kwa mara hupewa viwanja. Katika mji wa Niagara Falls huko Marekani, kampuni ya Hooker ilizika taka za madawa ya kiwandani, zaidi ya tani 20,000, katika mfereji wa zamani uitwao Love Canal. Mwaka 1953 ilikiuza kiwanja hicho kwa halmashauri ya shule kwa dola 1 tu, na katika hati ikaandika kwamba hapo pamezikwa taka, na kwamba lo lote litakalotokea, yenyewe haitadaiwa. Shule ikajengwa. Nyumba zikajengwa. Mwaka 1978 Rais akatangaza hatari, jamaa kwa mamia wakahamishwa, na mwaka 1980 ikatungwa sheria ya nchi nzima ya kuwadai waliochafua na kuwalipa wakandarasi wa kusafisha. Na hata baada ya hayo yote taka zile hazikuondolewa. Zilifunikwa kwa udongo mfinyanzi, na maji yatokayo chini yake hukusanywa na kusafishwa miaka yote. Basi likitumika neno kusafisha, ulizeni kama maana yake ni kuondoa au kufunika. Yote mawili yaweza kuwa haki, lakini kilichofunikwa hutaka mlinzi, na mlinzi hutaka mshahara. Na kiwanja kitolewacho bure, palipokuwa na karasha au gereji au ghala la dawa za pamba, kisipokelewe kabla ya kujua kilitumiwa kwa nini.

Kwa hiyo akija mtu katika mkutano mkuu wa kijiji na kusema kwamba mahali fulani patasafishwa kwa fedha za Serikali, aombwe asome mapatano kwa sauti: kiwango ni kipi, apimaye ni nani, udongo waenda wapi, ni kiasi gani cha malipo kimezuiliwa na mpaka lini. Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano pamoja na tarehe. Watu wa Owino Uhuru walisikilizwa mahakamani kwa sababu walikuwa na karatasi: vipimo vya damu, barua walizoandika, na siku walizoziandika.

Na mtu akitaka kujua hali ya uwanja wake, asichukue udongo wa shimo refu. Achukue ule wa juu, mahali watoto wachezeapo na kuku wadonoapo, atie katika mfuko safi, aandike mahali na siku. Kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa, maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko Mwanza. Aulize kwanza kwa Bwana Afya wa kata namna ya kuupeleka, na gharama yake. Betri mbovu zikae wima juu ya ubao chini ya paa mpaka mnunuzi aje, na tindikali yake ibaki ndani.