SOMO: JANI LA GIMBI NA RANGI ISIYOSHIKA MAJI

Mwagieni maji jani la gimbi. Matone huviringika na kuondoka na vumbi, jani hubaki kavu. Jani lina vinundu vidogo mno vyenye nta, navyo hushika hewa chini ya tone. Mwaka 1997 Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis wa Ujerumani walieleza jambo hili, na baadaye zikatengenezwa rangi za kuta zinazoiga majani hayo.

Lakini jani ni hai. Nta ikifutika, majani mengi ya namna hii, hasa machanga, hutoa nyingine. Rangi haiwezi. Mwaka 2011 watafiti wa Harvard, akiwemo Joanna Aizenberg, walitengeneza uso wenye vitundu vilivyojaa mafuta maalumu: ukikwaruzwa, mafuta hujisogeza na kuziba jeraha. Hufaa kwenye mirija ya hospitali na kuzuia barafu. Hata hivyo mafuta nayo hupungua.

Hivyo kamati ikiletewa bei ya rangi ya namna hii, iulize: ikichubuka, nani atapaka tena, kwa fedha ipi? Sisi tulisahau kuuliza tulipopaka zahanati moja. Msimu wa pili wa masika ukuta ulilowa, na bajeti ilikuwa imefungwa.