Kamera ya mtumba au toleo jipya?

*Yaya, napiga picha za harusi na matanga hapa Mutoshi kwa Canon 6D ya mtumba. Wenzangu wana kamera mpya, na wateja wameanza kuniuliza. Nikope dola ninunue?*

Usikope, mdogo wangu. Kamera hiyo ya 2012 ina megapikseli 20, na wateja wako wengi wanaangalia picha kwenye WhatsApp au albamu. Za ukumbini zikitoka na giza na chengachenga, shuku lenzi kwanza. Tafuta ya milimita 50, f/1.8, hata iliyotumika. Lenzi za Canon EF tangu 1987 zinaingia kwenye kamera yako. Kabla ya kulipa, imulike kwa tochi ya simu: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu. Iache.

Adui wako ni vumbi la kiangazi. Usibadilishe lenzi barabarani malori yakipita! Piga picha ya anga kwa f/16: madoa yasiyohama hata kwa lenzi nyingine yako kwenye sensa. Puliza kwa pampu ya mpira, kamwe si kwa mdomo. Yakibaki, mpelekee fundi. Shata ikianza kukwama, au picha kutoka na ukanda mweusi, hapo ndipo tuongee habari ya kununua, na hata hapo, anza kuulizia mtumba.