Kufunga, Kufungua na Kujaza: Kauli ya Kutendua katika Mabomba ya Maji ya Gari la Kujiundia

Utangulizi

Makala haya yanachunguza lugha ya maelekezo ya kiufundi kwa kutumia mfano mmoja tu, yaani namna ya kuunganisha mabomba na mipira ya maji yanayopoza injini katika gari ambalo mtu amejiundia nyumbani kwa vipande alivyonunua. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jarida la wanafunzi wa Kiswahili lijishughulishe na rejeta. Sababu ni kwamba tumezoea kuifundisha kauli ya kutendua kwa mifano ya milango na vifungo vya shati, mifano ambayo haimdhuru mtu ikikosewa. Kwenye injini, kitenzi kilichotumiwa pasipo pake chaweza kuunguza uso wa mtu au kupinda hedi ya silinda.

Magari ya kujiundia yalipata umaarufu mkubwa nchini Uingereza. Mwaka 1957 kampuni ya Lotus, iliyoasisiwa na Colin Chapman, ilianza kuuza gari dogo jepesi lililoitwa Lotus Seven, na mnunuzi aliweza kulichukua likiwa vipande. Kivutio kilikuwa kodi: gari lililokamilika lilitozwa kodi ya ununuzi, ilhali vipande havikutozwa. Inasimuliwa miongoni mwa wapenzi wa gari hilo kwamba sharti mojawapo lilikuwa vipande visiambatane na maelekezo ya kuunda. Basi Chapman akatoa maelekezo ya kulifumua gari, na mnunuzi akayasoma kuanzia mwisho kuja mwanzo! Kodi ya ununuzi iliondolewa mwezi wa Aprili 1973 ilipoanzishwa kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham ikachukua haki za kuendelea kuliunda Seven. Mtindo wenyewe haukufa. Mwaka 1996 Ron Champion alichapisha kitabu cha kumwelekeza mtu kujiundia gari la umbo hilohilo kwa gharama inayoweza kushuka hadi pauni 250, kama jina la kitabu linavyodai, akitumia injini na viungo vya gari kuukuu la Ford Escort.

Kisa cha maelekezo ya kufumua, kiwe kimetiwa chumvi au la, kinazua swali linalotuhusu moja kwa moja sisi wanaisimu: je, maelekezo yaweza kusomwa kinyumenyume yakabaki kuwa kweli?

Lugha iliyojiandaa kwa kinyume

Kwa mtazamo wa kwanza, Kiswahili kingeifanya kazi ya Chapman kuwa nyepesi. Tuna kiambishi cha kutendua, -u- au -o-, ambacho hukipindua kitendo bila kuhitaji neno jipya. Funga huwa fungua, ziba huwa zibua, panga huwa pangua, bandika huwa bandua, funika huwa funua, na chomeka huwa chomoa. Ukurasa mzima wa maelekezo ya kufumua ungeweza kugeuzwa kuwa wa kuunda kwa kubadilisha viambishi na kupindua mfuatano wa sentensi. Palipoandikwa “chomoa mpira, kisha fungua bolti za pampu,” tungesoma “funga bolti za pampu, kisha chomeka mpira.”

Hata hivyo, mnyambuliko huu una mipaka ambayo vitabu vya sarufi hutaja kwa haraka. Kaza haina *kazua. Kinyume chake ni legeza, neno lenye mzizi mwingine kabisa. Kamua, kwa upande wake, ina umbo la kutendua lakini haipindui maana ya kama, huizidisha tu. Na kuna vitenzi viwili ambavyo vitatusumbua zaidi katika makala haya, jaza na mwaga. Hatuna *jazua wala *mwagua. Inafaa tuufuate mkondo wa maji ili tuone kwa nini pengo hili la kileksika lina mantiki yake.

Safari ya maji

Kwa kadirio la jumla, theluthi moja hivi ya joto la petroli inayoungua katika injini huingia katika maji ya kupoza. Pampu huyasukuma maji hayo kupitia mwilini mwa injini, yakapanda hadi kwenye hedi, yakafika kwenye themostati. Injini ikiwa baridi, themostati imefunga, na maji huzunguka humohumo ndani kupitia njia fupi ya pembeni. Yakifika nyuzi 82 au 88 za Selsiasi, kutegemea aina, nta iliyo ndani ya themostati huyeyuka na kutanuka, njia ikafunguka, na maji moto yakaenda kwenye rejeta kupitia mpira wa juu. Yakiisha kupoa hurudi kwenye pampu kupitia mpira wa chini.

Katika gari lililotoka kiwandani, mhandisi alikwisha kupanga kimo cha kila kitu. Mwenye kujiundia hana bahati hiyo. Amechukua injini iliyobuniwa kwa gari refu la familia akaitia katika gari ambalo pua yake haifiki magotini. Rejeta inalazimika kukaa chini, na themostati inakuwa juu kuliko mdomo wa rejeta. Hewa, kama ijulikanavyo, hukimbilia juu. Kwa hiyo hewa itakusanyika palepale tusipoitaka, kwenye hedi, karibu na vyumba vya moto.

Dawa yake ni tangi dogo la ziada lililofungwa mahali pa juu kuliko injini na rejeta zote mbili, aghalabu kwenye ukuta unaoitenga injini na abiria. Kutoka chini ya tangi hilo bomba hushuka hadi upande wa pampu unaovuta maji. Kutoka sehemu za juu kabisa za rejeta na za hedi, vijibomba vyembamba hupanda kuelekea tangini ili hewa ipate njia ya kutokea. Wembamba wao ni wa makusudi, kwani vikiwa vipana maji moto yatapitia humo yakaikwepa rejeta.

Magari yenye injini nyuma na rejeta mbele yana taabu zaidi, maana mabomba husafiri urefu wote wa chasisi, na kila nundu juani mwake ni kituo cha hewa. Mafundi hutumia bomba la chuma au alumini katika sehemu ndefu, na mpira kwenye ncha tu. Mpira ni wa lazima hapo kwa sababu injini hutikisika juu ya vikalio vyake ilhali rejeta imeshikamana na chasisi. Kiungo kigumu kitapasuka. Ncha ya bomba huviringishwa ukingo ili mpira usichomoke presha ikipanda. Klipu peke yake haitoshi, hata ikikazwa na fundi mwenye kifua cha mieleka.

Pale kinyume kinapovunjika

Sasa turudi kwa jaza na mwaga. Kumwaga maji ya injini ni kazi ya hatua moja: unafungua sehemu ya chini kabisa, na uzito wa maji unamaliza yaliyobaki. Hewa huingia yenyewe, na hakuna haja ya kuitaja. Ukiyasoma maelekezo hayo kinyumenyume utapata “funga sehemu ya chini, kisha tia maji.” Mtu akitii hivyo, maji yatafika mdomoni, naye ataamini kwamba injini imejaa, kumbe nusu ya hedi ina hewa. Katika kumwaga, hewa ni mgeni asiyehitaji kualikwa. Katika kujaza, ni mpangaji asiyetaka kuhama. Kitenzi jaza kina wahusika wawili ilhali mwaga kilitaja mmoja tu. Kwa maoni yangu, hapa leksika ya Kiswahili imeona jambo ambalo mwandishi wa maelekezo ya kufumua hakuliona.

Madhara yake yana hila. Kihisio cha kipimo cha joto kikizungukwa na hewa badala ya maji, huonyesha joto la chini kuliko lililopo, kwa sababu hewa hupitisha joto vibaya. Dereva hutazama mshale akatulia, huku hedi ikipinda na gasketi ikiungua. Kipimo kinasema kweli kuhusu hewa, lakini dereva alikuwa ameuliza kuhusu maji.

Mfano wa pili ni ziba. Magari haya mengi hayana hita, basi mwenye kuunda huona matundu mawili ya hita kwenye injini akayaziba. Kisarufi hakuna lililoharibika, kwani yatazibuliwa siku hita itakapotiwa. Lakini katika baadhi ya injini mzunguko wa hita ndio njia ya pembeni tuliyoitaja. Ukiuziba, maji husimama themostati ikiwa imefunga, na joto halifiki kwenye nta kwa wakati. Kitenzi kilichotakiwa ni unga: unganisha tundu moja na la pili kwa kipande cha mpira, maji yaendelee kuzunguka.

Mfano wa tatu unaihusu kauli ya kutendeka, nao unatugusa hapa kwetu. Si ajabu katika gereji zetu kusikia kwamba themostati ni kifaa cha nchi za baridi, na kwamba ikitolewa injini itapoa vizuri zaidi. Chanzo cha dhana hii, nionavyo, ni kuielewa themostati kama kitu kinachozuia maji. Sentensi “themostati hufunga maji” inamfanya kuwa adui. “Njia hufunguka maji yakifika nyuzi 88” inaueleza utaratibu. Zipo injini ambazo themostati yake ina kazi mbili: inapoifungua njia ya rejeta, papo hapo huiziba njia ya pembeni. Ukiing'oa, njia ya pembeni hubaki wazi daima, sehemu kubwa ya maji moto ikarudi injini bila kuiona rejeta. Injini iliyoondolewa “kizuizi” huchemka kwa sababu ya kuondolewa kwake.

Mfano wa nne ndio wa hatari kuliko yote, na unahusu jozi tuliyoanza nayo darasa la kwanza la mnyambuliko: funga na fungua. Mfuniko wa presha wa rejeta au wa tangi hufungwa injini ikiwa baridi, bila tatizo. Mfuniko unaohimili presha ya takriban bari 1 hupandisha kiwango cha kuchemka cha maji kutoka nyuzi 100 hadi karibu nyuzi 120 pwani. Maji yaweza basi kuwa na nyuzi 110 ndani ya rejeta yakiwa yametulia kabisa. Mtu akifungua mfuniko wakati huo, presha hushuka ghafla, maji yakachemka yote kwa mara moja na kumrukia usoni. Kufungua hapa hakukirudishi kitu kilipokuwa, maana kati ya vitendo viwili kuna muda ambao kiambishi -u- hakiubebi. Mwandishi wa maelekezo ndiye anayepaswa kuubeba, kwa kishazi cha wakati: “injini ikiisha kupoa.”

Kufasiri kwa mahali tulipo

Maelekezo ya Kiingereza aghalabu huandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Mengi humwambia msomaji aache mfuniko wazi, awashe injini, na angoje mpaka themostati ifunguke. Mjini Mombasa ushauri huo una nafasi ya kutosha: kati ya nyuzi 88 na nyuzi 100 kuna tofauti ya nyuzi 12. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji matupu yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Zimebaki nyuzi sita tu, na karibu na kuta za vyumba vya moto maji huwa moto kuliko yanayopita kwenye themostati. Mtafsiri aliyehamisha kila neno kwa uaminifu atakuwa amemwandikia msomaji wa Nairobi maelekezo ya kuchemsha.

Kwa hiyo ninapendekeza kielelezo kifuatacho cha sehemu ya kujaza, kwa gari lenye tangi la juu, kiwe msingi wa mjadala darasani:

“Injini ikiwa baridi, egesha gari ili mdomo wa tangi uwe juu kuliko sehemu nyingine zote za njia ya maji. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye hedi, na ile ya rejeta ikiwapo. Mimina maji polepole. Yakianza kutoka kwenye skrubu bila mapovu, kaza skrubu hiyo, ukianza na iliyo chini. Kamua mpira wa juu na wa chini kwa mkono, uongeze maji kila yanaposhuka. Funga mfuniko, kisha washa injini. Gusa mpira wa juu kwa tahadhari: ukipata joto ghafla baada ya kuwa baridi, njia imefunguka. Ngoja feni iwake na kuzima, kisha zima injini. Usiguse mfuniko mpaka injini iwe imepoa kabisa. Hapo ndipo uufungue, uongeze maji yaliyopungua.”

Msomaji ataona kwamba kamua imerudi, safari hii ikiwa na kazi halisi. Ataona pia kwamba hewa imetajwa kwa jina mara moja tu, ingawa karibu kila sentensi inaihusu. Nimejaribu kuandika “fukuza hewa” mwanzoni mwa kila hatua, lakini fundi mmoja niliyemsomea alisema maneno hayo yanamchelewesha. Akishaambiwa alegeze skrubu ya juu, anajua nani anasubiriwa kutoka.